Saa 96, Amperi 63, Kilo 59: Kutafuta Mahali Uwezo wa Mashine ya Hidrojeni Unapopotelea

Ripoti ya mwezi ilisema mashine imetumika kwa asilimia 96. Mita ya gesi ilisema kilo 380. Mashine yenyewe ilikuwa elektrolaiza ndogo, yaani mashine inayochambua maji kwa umeme kuwa hidrojeni na oksijeni, inayotumia maji ya potashi (KOH), iliyotengenezwa kutoa hidrojeni mita za ujazo 10 kwa saa, kwenye kiwanda kimoja nje kidogo ya mji wa Mtwara. Mita 10 za hidrojeni zina uzito wa kilo 0.9. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Ikienda kwa nguvu zote bila kupumzika, itatoa kilo 648. Gawanya 380 kwa 648, unapata asilimia 59. Meneja alikuwa ameshaanza kuuliza nani anaiba gesi.

Hakuna aliyeiba. Vijana wa zamu walihesabu saa ambazo mashine iliwaka, 690 kati ya 720, na hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Meneja alihesabu kilo, naye alikuwa sahihi. Kila mmoja alipima kitu kingine na wote wawili wakakiita kwa jina moja. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya fundi atakayejikuta katikati ya ugomvi wa namna hiyo, maana huwa unaishia kwa mtu kulaumiwa bure au kwa staki nzima, yaani ule mkusanyiko wa seli zinazochambua maji, kufunguliwa bila sababu.

Kabla ya kushika spana

Pata namba tatu za mwezi huo huo na uziandike mstari mmoja.

Ya kwanza ni saa: mashine iliwaka saa ngapi kati ya saa zote za kalenda. Ya pili ni amperi-saa, yaani mkondo uliopita kwenye staki ukizidishwa kwa muda. Rektifaya, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa gridi kuwa wa mkondo mmoja (DC) kwa ajili ya staki, mara nyingi huzihesabu chenyewe. Kama ya kwako haihesabu, chukua usomaji wa kila saa kwenye daftari la zamu ujumlishe. Ya tatu ni kilo zilizopita kwenye mita.

Hiyo ya pili ndiyo watu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye siri yote. Hidrojeni haitokei kwa kuwaka kwa mashine. Hutokea kwa mkondo. Kanuni ya Faraday inasema seli moja huhitaji takriban amperi-saa 26,590 kutoa kilo moja ya hidrojeni. Kwa hiyo kilo zinazopaswa kutoka ni amperi-saa zidisha kwa idadi ya seli, gawanya kwa 26,590. Staki yetu ilikuwa na seli 60 na mkondo kamili wa amperi 400. Zidisha, gawanya, unapata kilo 0.9 kwa saa, sawasawa na bamba lililopigwa ribiti ubavuni mwa mashine. Ukifanya hesabu hii kwenye mashine yako ikakataa kulingana na bamba, simama hapo hapo. Huenda bamba linaeleza mashine mbili zilizounganishwa, au huenda idadi ya seli uliyoambiwa siyo.

Mwezi ule rektifaya ilionyesha amperi-saa 181,000. Mwezi mzima wa amperi 400 ungekuwa 288,000. Hiyo ni asilimia 63.

Sasa una 96, 63 na 59. Kutoka 96 hadi 63 maana yake mashine iliwaka lakini ilikuwa ikienda nusu nusu. Kutoka 63 hadi 59 maana yake gesi ilitengenezwa kisha ikapotea kabla ya kufika kwenye mita. Ni matatizo mawili tofauti, yenye dawa mbili tofauti, na hakuna hata moja ambalo lingeonekana kwa kuitazama ile 96 peke yake.

Dalili: mashine inawaka usiku na mchana, amperi ziko chini

Hapa ndipo uwezo mwingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Usiangalie amperi peke yake. Soma na volti za staki papo hapo, na jotoridi la maji ya potashi, na presha ya tangi. Mkondo unaweza kuwa mdogo kwa sababu mashine imeambiwa ipunguze, au kwa sababu imejaribu ikashindwa. Volti ndizo zitakazokuambia ni lipi.

Volti zikiwa chini pamoja na amperi, mashine inatii amri. Mara nyingi amri inatoka kwenye presha ya tangi: tangi likikaribia kujaa, mtambo hujipunguza wenyewe. Kijana mmoja wa zamu ya usiku alinipigia saa saba usiku. "Shikamoo fundi. Hii mashine imechoka, amperi 125 tu." Nikamwambia asome geji ya tangi. Bar 29.5, na kikomo ni 30. "Haijachoka, mwanangu. Imekosa pa kuweka." Kujaza mitungi kulikuwa kunafanyika mchana tu. Mchana mashine ilienda na amperi 400, usiku 125. Wastani wake ni 262 na kidogo. Zidisha kwa saa 690 na utaikuta ile 181,000 yetu. Mashine haikuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni tangi la pili, au watu wa kujaza mitungi usiku, na huo ni uamuzi wa meneja, haumo kwenye sanduku la spana.

Sisi wa kusini tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Bomba la gesi asilia la inchi 36 linalotoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015 likiwa na uwezo wa futi za ujazo milioni 784 kwa siku, na miaka ya mwanzo lilipitisha sehemu ndogo tu ya hizo, kwa sababu wateja wa upande wa pili walikuwa bado hawajaungwa. Bomba lilikuwa zima. Mtu angeona asilimia ndogo akaamuru lifukuliwe, tungemshangaa. Na nieleze hapa, kwa kuwa naulizwa sana mitaani: gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo ni methani kwa sehemu kubwa. Hidrojeni ni gesi nyingine, hata kama dunia mpaka leo hutengeneza sehemu kubwa ya hidrojeni yake kutokana na methani.

Volti zikiwa juu, zimegonga kikomo cha rektifaya, na amperi bado ziko chini, hapo staki inakataa. Anza na jotoridi. Maji ya potashi yakiwa baridi hupitisha umeme kwa shida. Mashine iliyozimwa usiku kucha itachukua muda mrefu asubuhi kabla ya kufika nyuzi 70 au 80 inapofanyia kazi vizuri. Mashine inayozimwa na kuwashwa kila siku hupoteza asubuhi zake zote kwa namna hii, na kwenye ripoti ya saa hazionekani kabisa. Kama jotoridi ni zuri, pima ukali wa maji ya potashi kwa haidromita. Potashi ya asilimia 30 ina msongamano wa takriban 1.29 ikipimwa kwenye nyuzi 20. Ukipima sampuli ya moto bila kurekebisha, utaona imepungua nguvu na kumbe haijapungua. Acha sampuli ipoe kwanza. Na vaa miwani na glovu: potashi hii hula ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha.

Potashi ikiwa sawa na joto likiwa sawa, ndipo upime volti za seli moja moja. Seli nzima ikifanya kazi huwa kwenye volti 1.8 hadi 2.1 hivi. Ukikuta 59 ziko 1.95 na moja iko 2.6, umepata mgonjwa. Zote zikipanda pamoja, staki imezeeka, au maji mnayoyaongeza yana uchafu. Kwa pwani yetu, maji ya kisima yenye chumvi yanayopita kwenye chujio lililochoka ni mshukiwa wa kwanza. Pima upitishaji umeme wa maji yanayotoka kwenye chujio kabla ya kuilaumu staki. Upimaji wa seli moja moja aufanye mwenye idhini, kwa vyombo vya kuhami. Usiguse seli na fremu kwa wakati mmoja.

Kuna na sababu ya tatu, nyepesi lakini inayochosha watu: volti za gridi zikishuka, rektifaya haifikii kiwango chake hata staki iwe mpya. Andika volti za upande wa kuingilia kila zamu, utaiona yenyewe.

Dalili: asilimia imezidi mia

Mashine haifanyi miujiza kwa mwezi mzima. Mara nyingi tatizo ni mita.

Kipimo cha mita ya ujazo ya kawaida (Nm³) huhesabiwa kwa nyuzi 0 na presha ya anga. Mtu akisoma mita iliyowekwa kwa nyuzi 20 na kuiandika kana kwamba ni ya nyuzi 0, amejiongezea asilimia 7 bila kutoa hata chembe ya gesi. Fungua mipangilio ya mita, uione kwa macho yako.

Mita ikiwa imefungwa kabla ya kikaushio, inahesabu na mvuke wa maji. Gesi iliyolowa yenye nyuzi 40, ikiwa kwenye presha ya kawaida, asilimia 7 hivi ya ujazo wake ni mvuke. Kwenye presha kubwa tatizo hili hupungua sana.

Mita zinazopima mtiririko wa gesi kwa njia ya joto nazo hutegemea aina ya gesi. Ikiwa imepimwa kiwandani kwa naitrojeni na haikubadilishwa kuwa hidrojeni, namba zake ni za kubuni.

Kosa jingine liko kwenye kigawanyo. Mtu ametoa saa za matengenezo, ametoa saa ambazo umeme wa gridi ulikatika, ametoa na Jumapili, akabakiwa na saa 560, kisha akagawanya nazo. Kipimo hicho kina maana yake, kinaonyesha mashine ilivyotumika ilipokuwa tayari. Lakini usikiweke kwenye jedwali moja na cha kalenda. Mimi hupendelea kalenda, saa 8,760 kwa mwaka, kwa sababu pesa iliyonunua mashine haikupumzika Jumapili wala umeme ulipokatika.

Dalili: amperi zipo, gesi haitoshi

Huku ndiko zilikokuwa kilo zetu 28. Kwa amperi-saa 181,000 staki ilipaswa kutoa kilo 408. Mita ikaona 380.

Kabla ya kutafuta tundu, uliza shahidi wa tatu: maji. Kila kilo ya hidrojeni hula lita 8.94 za maji safi. Mita ya maji yanayoingia kwenye mashine, yaani baada ya chujio na siyo kabla yake, ilisoma lita 3,690 kwa mwezi. Gawanya kwa 8.94, unapata kilo 413. Maji yalikubaliana na amperi, yakakataa kuungana na mita ya gesi. Ile tofauti ndogo ni unyevu unaotoka na gesi. Kwa hiyo gesi ilitengenezwa kweli na ikatoroka baadaye. Kama maji yangelingana na mita ya gesi, ningewatilia shaka amperi: huenda kipima mkondo kimepotoka, au mkondo unapita njia ya mkato ndani ya mabomba ya potashi bila kuchambua maji. Kumbuka tu kulinganisha kimo cha maji ndani ya mashine mwanzo na mwisho wa mwezi, la sivyo utahesabu maji yaliyobaki kama yaliyotumika.

Gesi hutorokea wapi? Kikaushio, kwanza. Vingine hujisafisha kwa kupuliza sehemu ya hidrojeni kavu na kuitoa hewani. Hiyo ni hasara ya muundo. Soma kitabu cha mashine ujue ni kiasi gani ni halali. Pili, kila mashine inapowashwa, gesi ya mwanzo hutupwa mpaka usafi ufike. Mashine iliyotripu, yaani kujizima yenyewe, mara 40 kwa mwezi imetupa mara 40. Tatu, vali ya usalama isiyokaa vizuri. Nne, mitego ya maji, yaani vali zinazomwaga maji yaliyojikusanya kwenye gesi.

Tulisimamisha uzalishaji, tukafunga njia zote na kuitazama geji kwa nusu saa huku tukiandika na jotoridi, kwa sababu gesi ikipoa presha hushuka hata kama hakuna inapovuja. Ilishuka kuliko joto lilivyoweza kueleza. Tukapita kila kiungo na povu la sabuni. Hakuna. Vyote vikavu na vimya. Mashine ilipowashwa tena, nikaenda kusimama kwenye mtego wa maji chini ya kitenganishi cha gesi. Bomba lake la kumwagia hupita kwenye chupa ya kioo yenye maji kabla ya kupanda juu ya paa. Mtego unapaswa kufunguka kila baada ya dakika chache, uteme maji kidogo, ufunge. Kwenye chupa ile mapovu yalikuwa yanapanda bila kukoma, taratibu, kama maharage yaliyoachwa kwenye moto mdogo. Tulipozima, tukatoa presha yote na kupuliza naitrojeni, tukafungua vali na kukuta kipande cha kutu kikubwa kama punje ya ulezi kimekaa kwenye kiti chake. Chumvi ya bahari ilikuwa imeanza kula bomba la juu, na kutu ikadondoka.

Msiutafute uvujaji kwa pua wala kwa kiberiti. Hidrojeni haina harufu, huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na mwali wake mchana hauonekani kwa macho. Povu la sabuni na kihisi cha mkononi vinatosha.

Dalili: mashine ya umeme wa jua, asilimia 18, na kila mtu analalamika

Hakuna kilichoharibika. Paneli zisizogeuka, zenye ukubwa sawa na mashine, zikikupa asilimia kama 20 ya mwaka mzima umefanya vizuri. Usiku upo hata Lindi. Ukitaka zaidi, ongeza paneli, weka betri, au unga gridi.

Linalostahili kuchunguzwa ni asubuhi, jioni na siku za mawingu, hasa Desemba hadi Aprili mvua zetu zinaponyesha. Elektrolaiza ya potashi haipendi mkondo mdogo sana. Gesi zinapotengenezwa polepole, hidrojeni inayopenya kuingia upande wa oksijeni inakuwa sehemu kubwa zaidi ya mchanganyiko. Ikifika asilimia 2 mashine nyingi hujizima, kwa kuwa 4 ni mpaka wa mlipuko. Wingu likipita, inawaka tena, inatupa gesi ya mwanzo, wingu jingine linakuja. Hesabu idadi ya kuwashwa kwa siku. Ikizidi tatu au nne, panga mashine isubiri mwanga utulie kabla ya kuwaka. Utapoteza dakika na kuokoa kilo. Kamwe usiongeze kile kikomo cha asilimia 2 ili isitripu. Kuna watakaokushauri hivyo, wakatalie.

Dalili: asilimia nzuri, uniti za umeme zinapanda

Kutumika sana na kutumia vizuri ni vitu viwili. Seli zikipanda kutoka volti 1.95 hadi 2.15, kilo hazibadiliki hata kidogo, mkondo ni ule ule, lakini umeme wa staki umeongezeka kwa asilimia 10. Andika uniti kwa kilo pembeni ya kila asilimia. Kinadharia kilo moja inahitaji uniti 39.4, mtambo halisi pamoja na pampu na rektifaya huwa kati ya 50 na 60 na ushee. Ukipita hapo, angalia pia kama unasoma mita ya upande wa gridi au ya upande wa staki, maana hazilingani.

Dalili: inashuka kila kaskazi inapoanza

Kuanzia Novemba au Desemba joto linapanda, hewa inayopoza radieta inaingia ikiwa moto, maji ya potashi yanagonga kikomo cha juu na mashine inapunguza mkondo ili isiungue. Watu husema ni hali ya hewa. Kwa sehemu ni kweli. Lakini tazama mapezi ya radieta kwa tochi. Miezi ya kusi mikorosho inapulizwa salfa, vumbi lake la njano linasafiri, linakutana na chumvi ya bahari na kuganda katikati ya mapezi. Kusi hewa ni ya baridi, hakuna anayegundua. Kaskazi ikija, deni linadaiwa. Osha kwa maji baridi, kutoka ndani kwenda nje, mwezi wa Oktoba, kabla joto halijafika.

Kwenye mashine yetu tuliisaga vali ya mtego, tukabadilisha kipande cha bomba chenye kutu na kuongeza safu moja kwenye daftari la zamu: sababu ya kusimama au kupunguza. Neno "imesimama" peke yake halikubaliwi tena. Andika tangi limejaa, umeme hakuna, maji, matengenezo, au hitilafu gani. Mwezi uliofuata mstari ulisomeka saa 96, amperi 64, kilo 62. Pengo la mwisho limebaki pointi mbili, nyingi zikiwa za kikaushio. Lile la kwanza bado lipo, na barua ya kuomba tangi la pili iko mezani kwa meneja ikiwa na ukurasa wa daftari la usiku uliobandikwa nyuma yake.